Besi ya nyuzi kumi na mbili: shajara kutoka Umoja

Jumamosi, 1 Februari

Nimeshamwambia mke wangu, kwa hiyo maji nimeyavulia nguo. Natengeneza gitaa la besi la nyuzi kumi na mbili, hapa hapa Umoja, Nairobi, kwenye kibaraza cha nyuma ambako mpaka jana palikuwa pa kuanikia nguo.

Kwa asiyelijua: si nyuzi kumi na mbili zenye sauti kumi na mbili. Ni besi ile ile ya kawaida, E, A, D, G, ila kila sauti ina nyuzi tatu badala ya mmoja. Mmoja ni mnene, uzi wa besi hasa. Wawili wenzake ni wembamba na wanalia oktava moja juu yake, yaani noti ile ile ila ya juu zaidi. Unazikandamiza zote tatu kwa kidole kimoja, unazipiga kwa piki moja, na zinatoka pamoja kama besi na magitaa mawili yanayofuatana unyo kwa unyo.

Sababu ya kuihangaikia ni moja. Mpiga solo wetu alipata kazi Doha mwaka jana, tukabaki watatu: ngoma, ridhimu na mimi. Tangu hapo kila wimbo una shimo katikati. Tumejaribu kinanda, mpiga kinanda akataka kulipwa kabla ya mazoezi.

Nilianza kwa kutafuta ya kununua. Maduka ya muziki mjini yana besi za nyuzi nne na tano, sita ukibahatika. Ukitaja kumi na mbili, muuzaji anakupeleka moja kwa moja kwenye magitaa ya akustika. Kuagiza nje, pamoja na usafiri na ushuru, ni bei ya pikipiki.

Chombo chenyewe si cha jana. Kilizaliwa Illinois, Marekani, miaka ya sabini, Tom Petersson wa bendi ya Cheap Trick alipowaendea mafundi wa magitaa ya Hamer na wazo hilo. Bendi yake nayo ilikuwa ya watu wachache, kwa hiyo shida yake naielewa sana. Jol Dantzig wa Hamer alihofia shingo isingehimili nyuzi zote hizo, wakatengeneza kwanza ya nyuzi kumi kuona kama itapona. Ilipona, na 1978 wakatoa ya kumi na mbili. Jeff Ament wa Pearl Jam aliipiga Hamer ya aina hiyo kwenye "Jeremy", wimbo wa albamu yao ya kwanza, 1991. Ule mlio wa mwanzo unaong'aa kama kengele ndio ulionitia kichaa hiki.

Lakini kinachonikaa kichwani si Ament. Ni hofu ya Dantzig.

Jumapili, 9 Februari

Wiki nzima ya hesabu, mbao hata moja sijagusa.

Nyuzi nne za besi ya kawaida, yenye inchi 34 kutoka mfupa wa juu (pale nyuzi zinapokalia karibu na kichwa) hadi kwenye briji (pale zinapofungwa mwilini), zinaivuta shingo kwa kiasi cha kilo 80. Ongeza nane za oktava, unafika karibu kilo 200. Hiyo ni mifuko minne ya saruji inayoning'inia kwenye kipande cha mti kisichozidi unene wa vidole viwili, mchana na usiku, hata ukiwa umelala.

Halafu kuna jambo la dukani. Nyuzi za oktava za besi hii zina sauti sawasawa na nyuzi nne nene za gitaa la kawaida: E, A, D na G. Ina maana seti mbili za gitaa za namba 10 (namba ni unene wa uzi), zile zinazouzwa kila mahali, zinanitosha: namba 46, 36, 26 na 17, mbili mbili. Furaha hiyo ilidumu mpaka nilipochukua futi. Uzi wa gitaa una urefu wa karibu mita moja. Inchi 34 ni sentimita 86. Zinazobaki ni za kupita kwenye briji, kupanda kichwani na kuzunguka ufunguo wa kukazia uzi mara mbili tatu, na funguo ziko kumi na mbili, kwa hiyo nyingine lazima ziwe mbali.

Kwa hiyo inchi 30. Besi fupi. Nyuzi za gitaa zinafika, na mvuto wa nyuzi zile zile kwa sauti zile zile unashuka hadi kilo 150 hivi. Mfuko mmoja wa saruji nimeushusha kabla ya kuanza. Sauti ya chini itakuwa na ulegevu kidogo ukilinganisha na besi ndefu, wapigaji wengi watasema, na watakuwa hawajakosea. Nimekubali.

Funguo: nane ndogo za gitaa karibu na mfupa, nne kubwa za besi kileleni, kwa sababu nyuzi nene ndizo ndefu. Kichwa kitakuwa kama kasia.

Jumamosi, 22 Februari

Gikomba asubuhi kabla jua halijawa kali. Nimepata mahogani iliyokauka vizuri na ubao mmoja wa mvule. Shingo itakuwa ya vipande vitano vilivyogundishwa ubavu kwa ubavu, mahogani na mvule kwa zamu, nyuzi za mti zikielekezana kinyume, ili kimoja kikitaka kupinda mwenzake amzuie. Mwili ni mahogani mtupu. Mvule ungeniua bega.

Ubao wa freti, ule wa kukandamizia vidole wenye vijiti vya chuma, nilitaka mpingo. Nilimfuata mchongaji Mkamba ninayemfahamu, akacheka. Mpingo mnyoofu wa sentimita 55 usio na ufa, alisema, ukiupata niite na mimi nije nione. Akanipa muhugu badala yake, kipande alichokitenga kuchonga twiga kisha mteja akakimbia. Mgumu kama jiwe. Nilipoupitisha msumeno, kibaraza kizima kilinukia kama kuna mtu kafukiza udi, mpaka jirani wa juu akachungulia kuuliza kuna sherehe gani.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya aibu.

Kanuni ya kupanga freti ni nyepesi: chukua urefu wa uzi uliobaki, gawanya kwa 17.817, hapo ndipo freti inayofuata. Kwa uzi wa milimita 762, freti ya kwanza iko milimita 42.8 kutoka kwenye mfupa, ya pili milimita 40.4 kutoka kwa hiyo ya kwanza, na kuendelea. Mimi nikapima kila moja kutoka kwa mwenzake, nikidhani nina jicho. Kosa la robo milimita hapa, robo milimita pale, na yote yalikuwa upande mmoja. Freti ya kumi na mbili lazima iwe katikati kabisa, milimita 381. Yangu ilikuwa 383.

Milimita mbili! Kwenye nyuzi tatu zinazolia pamoja hiyo si besi, ni ugomvi.

Nimeziba mifereji yote kwa unga wa muhugu na gundi, nimeanza upya. Safari hii zote nimezipima kutoka kwenye mfupa, futi moja ya chuma haikuondoka mahali pake mpaka nilipomaliza. Ukitazama kwa karibu utaona makovu. Sitayaficha.

Jumapili, 16 Machi

Jana Kamukunji kwa ajili ya briji. Pale watu wanagonga mabati tangu alfajiri, masufuria, masanduku ya shule, majiko, na ukitaka kusikilizana lazima uzungumze kwa mikono. Fundi alinitazama mchoro akageuza karatasi juu chini mara mbili.

"Hii ni ya nini, boss?"

"Ya gitaa. Inashika nyuzi kumi na mbili."

"Na hapa umeandika pikapu. Pikapu itapita wapi?"

Nikamweleza kuwa si gari, ni kile kisumaku kinachonasa sauti ya nyuzi. Alionekana kusikitika, nadhani alishaanza kupiga bei ya spea za Toyota. Lakini kazi yake ni safi: bamba la chuma la milimita 5, matundu kumi na mawili ya kupitishia nyuzi, limekunjwa pembe mraba. Vile vipande vinne vya shaba vya kukalia nyuzi nimempa fundi wa kukereza, pamoja na chuma cha kunyooshea shingo.

Pikapu yenyewe nimeitoa kwenye besi ya nyuzi tano iliyovunjika kichwa. Nilitafuta makusudi yenye ulimi mmoja mrefu wa chuma ndani. Zile zenye nukta za sumaku zinangoja uzi upite juu yake hasa, na hapa nyembamba zingine zingeangukia katikati ya nukta na kunyamaza.

Jumamosi, 29 Machi

Nyuzi zimepanda leo. Na zimeshuka leo.

Nilikaza nne nene kwanza, shingo ikatulia. Nikaongeza za oktava, mbili, nne. Kwenye ya sita nikaanza kuona kila ninayoikaza inazilegeza nilizokwisha kuzikaza. Nikaendelea, mjinga mimi. Zilipofika kumi na mbili niliweka futi juu ya freti: uwazi wa milimita 3 katikati ya shingo. Nikakaza chuma cha ndani mpaka kikagoma. Milimita 2 na nusu. Baada ya chai, bila mimi kugusa chochote, ilikuwa imerudi 3.

Hilo la mwisho ndilo lililonitisha. Maana yake si mti peke yake unaopinda. Gundi nyeupe ya seremala niliyotumia kati ya ubao wa freti na shingo inatambaa pole pole chini ya mzigo. Ni gundi nzuri kwa kabati. Kabati halivutwi na mifuko mitatu ya saruji.

Nimelegeza zote. Dantzig, nimekuelewa.

Jumatatu, 31 Machi, Idd

Mjomba amekuja na treni kutoka Mombasa. Miaka yake ya ujana alipiga udi na baadaye kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, kwenye taarab. Tukiwa kwenye biriani mke wangu akamwambia nimetengeneza kitu, nikaenda kukileta huku nimeinamisha uso.

"Shikamoo, mjomba. Ndiyo hii, lakini haijakaa sawa."

"Marahaba." Akaipokea, akaipima uzito kwa mikono miwili, akazipapasa nyuzi zilizolegea tatu tatu. "Sasa mbona ulisema ni kitu kipya? Kanuni nayo ina tatu tatu. Za kwetu ni sauti moja zote, zako umewapa mama na watoto wawili, basi."

Nikamweleza kuhusu shingo. Kanuni haina shingo, ni sanduku, kwa hiyo hapo hakuwa na dawa. Lakini nilipolalamika kwamba ninapozityuni siwezi kusikia ipi iliyopotea, alichana kitambaa cha pamba kutoka kwenye fulana yangu ya kazi, akakipitisha chini ya nyuzi mbili na juu ya mmoja.

"Mmoja aseme, wawili uwafunge mdomo. Akishasema kweli, mfungulie wa pili. Ukiwaacha wote watatu waseme pamoja watakudanganya, kwa sababu kila mmoja anafunika kosa la mwenzake."

Kile kitambaa nimekiweka kwenye mkoba wa besi. Mke wangu anauliza fulana iliyobaki niifanyie nini.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua wiki nzima, na leo ndiyo siku niliyoichagua kung'oa ubao wa freti.

Gundi nyeupe inalainika kwa joto. Mpango ulikuwa pasi ya umeme juu ya muhugu, kisu chembamba cha jikoni ukingoni, kwenda taratibu kutoka upande wa mwili. Nilifika freti ya saba, stima zikapotea. Kisu kiko ndani, gundi inapoa, na ubao ukipoa hapo katikati utapasuka. Nilisimama kama mtu aliyeshikwa na nyoka mguuni. Mke wangu ndiye aliyekimbia kwa mama wa ghorofa ya chini anayefua nguo za watu, akarudi na pasi ya makaa, imejaa, inatoa cheche. Tulimaliza hivyo: yeye anaisogeza pasi, mimi nasukuma kisu, moshi unatutoa machozi, mvua inapiga mabati. Ubao ulitoka mzima. Una alama moja ya kuungua karibu na freti ya tatu, umbo la mbele ya pasi. Nayo nimeiacha.

Pembeni ya chuma cha kunyooshea nimechimba mifereji miwili na kulaza vyuma mraba vya milimita 6, urefu wote wa shingo. Ubao umerudishwa kwa gundi ile ya kuchanganya mirija miwili, ambayo ikishakauka haijui kutambaa. Umebanwa kwa vibano tisa na matofali. Sitaugusa kwa wiki mbili.

Jumamosi, 26 Aprili

Zote kumi na mbili. Uwazi: nusu milimita, ambao ndio unaotakiwa.

Utaratibu niliouzoea sasa: nene zote nne kwanza, nusu sauti juu ya zinapotakiwa, kwa sababu nyembamba zikipanda zitazishusha. Kisha oktava moja ya kila kundi kuanzia E, kisha oktava za pili. Halafu kitambaa cha mjomba na mzunguko wa pili, na wa tatu. Mara ya kwanza ilinichukua dakika arobaini. Leo jioni kumi na mbili.

Niliipiga bila spika, kwenye kiti cha jikoni, E tupu. Mlio ulikaa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, na ndani yake kulikuwa na kitu kinachozunguka kama feni ya polepole. Ni zile oktava mbili, haziwi sawa kabisa hata ufanyeje, na tofauti yao ndogo ndiyo inayotembea. Mtoto alitoka chumbani akauliza nani anapiga simu.

Jumamosi, 10 Mei

Shaba na tupa, basi. Uzi mnene ukiukandamiza unapanda sauti zaidi ya mwembamba, hivyo unahitaji urefu zaidi kidogo kwenye briji. Kipande kimoja cha shaba kikiwekwa kwa ajili ya mnene, wembamba wanabaki chini ya sauti kila unapopanda shingo. Kwa hiyo nimekikata kila kipande ngazi: mnene anakaa nyuma, wembamba wawili mbele. Kwa E ngazi imefika milimita 3, kwa G moja na kitu. Unatia tupa mara tano, unakaza, unasikiliza freti ya kumi na mbili, unalegeza, unatia tupa mara tano. Vidole vinanuka sarafu.

Jumapili, 18 Mei

Mngurumo. Umeme wetu ni wa hezi 50, na G ya freti ya tatu kwenye uzi wa E ni hezi 49. Kwa hiyo mngurumo wa ukutani unakaa mlango wa jirani na noti ninayoipiga kila dakika mbili, na mara mbili yake, 100, inagonga G tupu ya 98. Kwenye besi ya kawaida ungevumilia. Hapa unasikika kama mtu wa nne kwenye kundi. Nimezungushia shimo la pikapu foili ya jikoni, nimeiunganisha na waya wa ardhi kwa waya mfupi na skrubu kwa sababu alumini haikubali lehemu, umepungua sana.

Jambo la pili: spika ya besi peke yake inaimeza oktava. Inatoka kama besi yenye mafua. Nimegawa waya, upande mmoja kwenye amplifaya ya besi, mwingine kwenye ya gitaa niliyoipunguza sauti za chini na kuichafua kidogo. Hapo ndipo chombo kilipofungua kinywa.

Jumapili, 1 Juni

Jana usiku tulipiga kwenye baa moja Eastlands, mkesha wa Madaraka, watu wamejaa mpaka nje.

Benga imenishinda. Niseme wazi. Besi ya benga inakimbia, inajibizana na solo, inaruka mahali ambapo wengine wanakanyaga, na nyuzi tatu haziruki. Noti ya kwanza haijamaliza kulia, ya pili imeshaingia, ya tatu imekuwa uji. Baada ya wimbo mmoja mpiga ngoma alinionyesha kwa kidevu besi yangu ya zamani ukutani, nikaichukua bila ubishi. Nilidhani ningeziba nafasi ya solo, kumbe nafasi ile ilikuwa ya vidole vyepesi.

Lakini tulikuwa na rumba mbili za polepole, na kwa hizo niliivaa tena. Noti chache, mzizi tu, naiacha ilie mpaka iishe. Mpiga ridhimu aliacha kupiga kabisa kwenye ubeti wa pili wa ile ya kwanza, akasimama ananitazama, na hakuna aliyeona pengo. Mzee mmoja mbele alikuwa akitafuta kwa macho kinanda kilipo.

Basi ni chombo cha nyimbo mbili kwa usiku. Bega linauma, kichwa kinavuta chini ukiachia mkono, na kati ya wimbo na wimbo lazima mtu aongee na watu wakati natyuni. Mpiga ridhimu ameikubali kazi hiyo kwa malipo: kila seti mbili ninazofungua zinabakisha nyuzi mbili mbili nyembamba kabisa nisizozihitaji, na yeye hukata uzi wa kwanza karibu kila shoo.

Leo asubuhi kabla ya chai niliweka futi juu ya freti. Nusu milimita, vile vile kama Jumamosi ile ya Aprili.